Bakuli Hukerezwa Mara Mbili

Mafundi wenzangu, nawaona mnaikodolea macho ile mashine pale nyuma. Mniwie radhi. Leo nitasema habari za maji kuliko habari za mashine.

Kukereza, yaani kuchonga mti huku ukizungushwa, si kazi ngeni pwani yetu. Mafundi wa Lamu na Siyu walikereza miguu ya vitanda kwa kerezo la upinde: mti unakwenda mbele, unarudi nyuma, na patasi inakula upande mmoja tu wa safari. Ila mguu wa kitanda nyuzi zake zimelala kwa urefu. Bakuli lina ukorofi wake. Gogo hupasuliwa katikati, kiini kikaondolewa kwa sababu ndicho kianzacho nyufa, halafu nusu ile hufungwa kiubavu kwenye mashine, nyuzi zikikingama. Katika kila mzunguko patasi hukutana na ubavu wa nyuzi mara mbili na ncha zake mara mbili. Ndiyo maana nje tunakata kutoka kitakoni kwenda mdomoni, na ndani kutoka mdomoni kwenda katikati. Ukikata kinyume, nyuzi hunyofoka, na msasa hautakusaidia.

Sasa maji. Mwembe mbichi hukatika kwa raha, hata maji yanakurukia usoni. Fundi mwenye haraka humaliza bakuli siku hiyo hiyo, jembamba, linapendeza. Likikauka, mdomo umekuwa yai. Mti husinyaa kwa kufuata pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Kwa urefu wa nyuzi hausinyai ila kidogo mno.

Kwa hiyo mara ya kwanza acha ukuta mnene, sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 30, ukuta wa sentimita 3. Paka nta kwenye ncha za nyuzi, liweke kivulini, mbali na upepo. Lipime uzito kila baada ya muda. Uzito ukiacha kushuka, limekauka. Ni miezi hiyo, na mteja anayelalamikia bei aambiwe hivyo.

Hapo ndipo hukerezwa mara ya pili. Jambo moja wengi hulisahau: kitako nacho kimepinda, meno ya mashine hayakishiki sawasawa. Libane kwanza mdomo ukielekea mashine, kisawazishe kitako kiwe duara, ndipo uligeuze na kuanza ndani. Polepole.