Nyonga ya mchezaji wa tenisi na mlima wa Ipogolo

ATUPELE: Karibuni, wasikilizaji. Leo tulipanga kuwapa mazoezi matano ya nyonga kwa wachezaji wa tenisi, lakini Mwalimu Chengula ameingia humu akichechemea, na sitaanza kabla hajaeleza.

CHENGULA: Dada Atupele, Jumanne nilipanda kwa miguu kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini, kisha jioni nikaenda uwanjani. Nilipoufuata mpira uliopigwa pembeni kabisa, nikahisi kinena cha kulia kinachoma. Kinachonishangaza ni kwamba mlima wenyewe haukuniuma hata kidogo.

ATUPELE: Mimi hainishangazi. Mlima huimarisha misuli ya makalio na mapaja inayokusukuma mbele na juu, ilhali tenisi inakutaka ukimbie kando, usimame ghafla, kisha urudi katikati. Mguu wa nje unapokita chini, misuli ya ubavuni mwa nyonga huzuia kiuno kisiyumbe, na misuli ya ndani ya paja hulazimika kurefuka huku imekaza. Misuli hiyo mlima haiandai.

CHENGULA: Unaudharau mlima wa Ipogolo mbele ya watu wa Iringa? Yule mcheza tenisi Andy Murray angeupanda kila asubuhi na ndoo ya maji kichwani, asingewekewa chuma mwilini.

ATUPELE: Murray amekulia Dunblane, Uskoti, na Uskoti nako kuna milima, Mwalimu.

CHENGULA: Milima isiyo na bodaboda za kukwepa haihesabiki.

ATUPELE: Tuongee kwa makini. Murray alipasuliwa nyonga Melbourne mwezi Januari 2018, na Januari 2019 akafanyiwa upasuaji mwingine London, ambapo nyuso za kiungo zilifunikwa kwa chuma. Oktoba mwaka huohuo alishinda mashindano ya tenisi ya Antwerp, Ubelgiji. Gustavo Kuerten wa Brazili, bingwa mara tatu wa Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Ufaransa, alipasuliwa nyonga mwaka 2002 na hakurudia tena ubora wake wa awali. Kiungo hiki hubeba mzunguko wa kila pigo, hasa siku hizi ambapo wengi hupiga mkono wa mbele wakiwa wameutazama wavu, uzito mwingi ukiwa juu ya mguu mmoja.

CHENGULA: Hapo umenisaidia. Kama shida ni mzunguko, basi dawa ya kwanza ni ulaini wa viungo. Mtoto aliyezoea kuchuchumaa bustanini ana nyonga huru, lakini akishakaa darasani miaka mingi, nyonga hukakamaa na mgongo wa chini ndio unaozunguka kwa niaba yake. Mimi wanafunzi wangu huwanyoosha kwanza, na baridi ya Juni huku kwetu inanipa haki.

ATUPELE: Baridi inadai mwili upashwe moto kwa kutembea, kuruka na kuzungusha miguu, wala haidai mtu ashikilie mnyoosho mmoja zaidi ya dakika, kwa kuwa mnyoosho mrefu namna hiyo hupunguza kidogo nguvu za misuli kwa muda. Tena, wapo ambao nyonga zao zimebanwa na umbo la mfupa wenyewe. Ukimlazimisha mtu wa aina hiyo azidi kujikunja, unabana gegedu iliyo ukingoni mwa kiungo. Nguvu ndiyo itangulie.

CHENGULA: Nguvu juu ya kiungo kilichokakamaa? Mbona wachezaji wenye maumivu ya mgongo hukutwa nyonga zao hazizunguki vizuri kuelekea ndani?

ATUPELE: Kukutwa pamoja hakuonyeshi kipi kilitangulia. Kwa upande wa nguvu lipo jaribio: wachezaji wa soka wa kiume wa Norway walifanya zoezi moja tu la kukaza paja la ndani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha hatari ya matatizo ya kinena ikipungua kwa asilimia 41.

CHENGULA: Soka, Dada. Mimi nafundisha tenisi. Yule wa Norway hakuzungusha kiuno kwa raketi.

ATUPELE: Kinena ni kinena.

CHENGULA: Na mzunguko ni mzunguko. Sibadilishi utaratibu wangu.

ATUPELE: Wala mimi sibadilishi wangu. Fundi mitambo ananionyesha kwamba zimebaki dakika mbili, kwa hiyo yale mazoezi matano hayatawezekana. Nitaje hilo moja la paja la ndani, la wale wa Norway: lala ubavu, jiinue kwa kiwiko, mguu wa juu uwe juu ya benchi au mikononi mwa mwenzako, kisha pandisha wa chini ukutane nao. Anayeanza aweke goti juu ya benchi badala ya kifundo cha mguu. Mwenye kinena kinachouma wiki kadhaa, au nyonga inayokwama, amwone daktari kabla ya zoezi lolote.

CHENGULA: Baada ya kunyoosha.

ATUPELE: Baada ya kupasha mwili moto, Mwalimu.

CHENGULA: Wasikilizaji wamesikia pande zote mbili. Muda umekwisha.