Jaji Motley alipoambiwa ajitoe

Sitaanza na kuzaliwa kwake. Hayo mtayasoma wenyewe: New Haven, Marekani, 1921, wazazi kutoka kisiwa cha Nevis huko Karibi, baba mpishi. Thurgood Marshall, yule wakili mweusi wa Marekani, naye simwelezi. Wakenya mliomo humu mnamjua, ndiye aliyekwenda London mwaka 1960 kuwasaidia wajumbe wenu kwenye mkutano wa katiba kule Lancaster House. Huyo ndiye aliyemwajiri Constance Baker Motley mwaka 1945. Kwa takriban miaka 20 mama huyu alipambana mahakamani ili watoto weusi wapokelewe shuleni na vyuoni. James Meredith, kijana mweusi, aliingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962 kwa kesi aliyoiendesha Motley. Alisimama Mahakama ya Juu mara 10, akashinda 9. Januari 1966 Rais Johnson akampendekeza awe jaji wa shirikisho New York. Seneta Eastland wa Mississippi akamkalia kooni miezi saba, eti mkomunisti. Agosti akapita. Mwanamke mweusi wa kwanza kupata kiti hicho, na kiti hicho ni cha maisha.

Sasa nifike ninapotaka. Mwaka 1975, Sullivan & Cromwell, mawakili wakubwa wa New York, wanashtakiwa kwamba wanawabagua wanawake katika ajira. Faili linaangukia kwa Motley. Kampuni inaleta maombi: jaji ajitoe. Kwa nini? Ana hisa? Hana. Ana ndugu katika kesi? Hana. Ni mwanamke, ni mweusi, na zamani aliwatetea waliobaguliwa, basi ataegemea upande wao. Mawakili wazima wakaketi, wakaandika, wakatia saini!

Motley akakataa. Akasema kama jinsia, rangi au historia ya jaji inatosha kumwondoa, hakuna jaji hata mmoja wa mahakama ile angeweza kusikiliza kesi hiyo. Wote wana jinsia, wote wana rangi, na wengi waliwahi kuwa mawakili wa mtu. Akabaki na faili lake.

Namwona bwana pale nyuma anatikisa kichwa. Najua utakachosema: haki isitendeke tu, ionekane imetendeka. Naifundisha hiyo kila mwaka, bwana. Lakini niambie, jaji mwanamume aliyetetea mabenki miaka 20 akipewa kesi ya benki, nani humwambia ajitoe kwa sababu ni mwanamume? Huyo husifiwa uzoefu. Mwenye hisa ajitoe, mwenye mkwe katika kesi ajitoe, tena asingoje kuombwa. Ila huyu ambaye kosa lake ni kabila, dini au gauni, ajitoe aende wapi? Na msiwacheke Wamarekani. Nimesikia mawakili wetu wakinong'ona koridoni: "Jaji ni wa kwao, tuombe abadilishwe."

Dakika tatu? Nilikuja na mambo manne, nimegusa moja! Haya. Mwaka 1978, waandishi wa kike wamezuiwa kuingia chumba cha wachezaji wa Yankees, timu ya besiboli ya New York, ati wanaume wanavua nguo. Motley akaamua waingie. Mwenye haya awekewe pazia kwenye kijichumba chake. Akawa jaji mkuu wa mahakama ile 1982 hadi 1986, akabaki jaji hadi alipofariki mwaka 2005. Ile kesi moja aliyoshindwa ilihusu weusi kuenguliwa kwenye juri, yaani raia wanaoketi kuamua kesi, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu yenyewe iligeuka. Niulizeni kuhusu hiyo. Bwana wa nyuma, anza wewe.