Je, Kiswahili Kina Kirai Kitenzi?

Mhadhara kwa walimu wa Kiswahili, Mtwara Mjini

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za mchana. Saa hizi joto la Mtwara na wali wa nazi vinasaidiana kumlaza mtu, kwa hiyo naanza na ubao moja kwa moja.

Hakuna aliyemo humu ambaye hajachora matawi, ule mchoro wa kuigawa sentensi. Juu S, yaani sentensi; chini yake KN, kirai nomino (fungu la maneno la jina), na KT, kirai kitenzi (fungu la kitenzi); kisha KT inatoa T, kitenzi chenyewe, na KN nyingine. "Mama alikata samaki": mama huku, "alikata samaki" kule, mwanafunzi kapata alama zake. Tunauita mkabala wa kisasa, ingawa kanuni hizo Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, alizitoa mwaka 1957. Ninalotaka tulijadili ni dai moja lililojificha ndani ya KT: kwamba kitenzi na yambwa (mtendwa, hapa samaki) ni kitu kimoja, na kiima (mtenda, hapa mama) kiko nje yao.

Sasa twende Feri, kwa wauza samaki. Mtu anauliza: "Kiko wapi kisu alichokatia mama samaki?" Kiswahili safi kabisa. Lakini tazameni mpangilio: alichokatia, mama, samaki. Kiima kimeingia katikati, kikatenganisha kitenzi na yambwa yake. Chora KT yako hapo. Ama matawi yatakatana, jambo ambalo kanuni zenyewe zinalikataza, ama umwache samaki nje ya KT.

(Mwalimu mmoja: "Si aseme tu kisu mama alichokatia samaki?")

Hasemi! Hebu litamke tena ulisikie. Ukitaka mama atangulie, unaita amba-: "kisu ambacho mama alikatia samaki". Na hapo ndipo watetezi wa matawi wana hoja nzuri, nisiwadhulumu. Wanaisimu Demuth na Harford, mwaka 1999, walieleza mpangilio huu katika lugha za Kibantu kwa kusema kitenzi kimepanda, yaani kimehama kwenda tawi la juu la mchoro. Kirejeshi -cho-, kile kinachorudi kwa kisu, kinahitaji pa kujishikiza. Pakiwa na amba-, kinashika hapo na kitenzi kinabaki chini na yambwa yake. Pasipokuwa nayo, kitenzi kinapanda juu na kumwacha mama nyuma. Maelezo hayo yanaeleza maumbo yote mawili kwa mpigo, na mimi nayaheshimu. Tatizo langu ni gharama yake: kitenzi na yambwa vinakaa pamoja mahali ambapo hakuna sikio litakalovisikia.

Wengine walikataa mgawanyo huo tangu mwanzo. Tesnière wa Ufaransa, katika kitabu kilichotoka 1959 akiwa ameshafariki, alisema kuigawa sentensi kiima na kiarifu (kinachosemwa juu ya kiima) ni urithi wa mantiki, si ushahidi wa lugha. Kwake kitenzi ndicho mzizi, kiima na yambwa vyote vinakitegemea. Ken Hale naye, 1983, alileta Kiwarlpiri cha Australia, ambamo hata maneno ya kirai nomino kimoja yanaweza kutawanyika ndani ya sentensi.

Lakini waliotukaribia zaidi, kwa kuchunguza lugha ya Kibantu, ni Joan Bresnan na Sam Mchombo wa Malawi. Mwaka 1987 walionyesha kwamba katika Kichewa, lugha ya Malawi, yambwa isiyo na kiambishi chake kwenye kitenzi (kama -mw- yetu katika "nilimwona") lazima ikifuate kitenzi papo hapo. Kiambishi kikiwepo, kiima, kitenzi na yambwa vinapangika kwa namna zote sita. Wakahitimisha kwamba kiambishi ndicho yambwa yenyewe, na nomino iko nje ya KT. Msikimbilie kulibeba hilo zima-zima. Sisi tunasema "nilimwona Asha", wala "niliona Asha" haitutulii masikioni, yaani -mw- yetu inatakiwa hata jina likiwepo, kwa hiyo haiwezi kuwa kiwakilishi tu, cha kushika nafasi ya jina. Ndiyo maana napendelea njia yao ya jumla kuliko hitimisho lao: mpangilio wa maneno uandikwe peke yake, uamilifu, yaani kazi, wa kiima na yambwa uandikwe peke yake, kisha tuonyeshe vinavyokutana.

(Swali: "Sasa kwenye mtihani wafundishwe kuchora nini?")

Kinachosahihishwa, mwalimu. Mtoto asikose alama kwa ajili ya mgogoro wetu. Ila akikuletea sentensi isiyochorika, usimwambie amekosea.

Namalizia kwa wenzangu wa Newala na Masasi. Kimakonde na Kimakhuwa vina vitenzi vyenye sura mbili: moja imefungamana na neno linalofuata, haiwezi kumaliza sentensi, nyingine inajitegemea. Mwanaisimu Jenneke van der Wal, 2009, alipokichunguza Kimakhuwa cha kaskazini mwa Msumbiji, aliona kwamba sura ile ya kufungamana huchaguliwa pale neno linalofuata linapobeba mkazo wa habari, yaani lile hasa msemaji analotaka kulijulisha. Linaweza kuwa yambwa, linaweza kuwa kielezi. Maana yake kitenzi kinaweza kumkumbatia "jana" kwa nguvu ileile kinayomkumbatia samaki. Nani hapa anazungumza Kimakonde cha nyumbani? Karibu ubaoni, tuanze na kitenzi cha kula.