Ki Tetze: Cherehani, Blenda na Jiwe la Juu

TABITHA: Karibuni. Juma hili tunasoma Ki Tetze, fungu la Torati ambalo Wayahudi husoma juma hili: Kumbukumbu la Torati 21:10 hadi mwisho wa sura ya 25. Amri 74 kwa hesabu iliyozoeleka, hakuna fungu linaloifikia. Kaka Eliya kaja na karatasi yake, kama kawaida.

ELIYA: Mafunzo matatu tu, dada. Ujira wa kibarua, mganda uliosahaulika shambani, ukuta wa kuzunguka paa.

TABITHA: Subiri kidogo. Juzi watu wa mikopo ya kausha damu walikuja kwa jirani yangu. Hata hodi hawakupiga, wakaingia, wakatoka na cherehani. Tangu hapo sijatoka sura ya 24.

ELIYA: Aya ya 10 na 11. Mkopeshaji anasimama nje, mdaiwa ndiye anayemletea rehani. Na Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, kitabu cha Baba Metzia 9:13, inakaza zaidi: hachukui rehani ila kupitia mahakama.

TABITHA: Hapo tuko pamoja. Sasa aya ya 6: usichukue rehani jiwe la kusagia, wala lile la juu, maana umechukua uhai wa mtu.

ELIYA: La juu limetajwa peke yake kwa sababu ndilo linalobebeka. La chini zito, linabaki pale pale. Ukiondoka na la juu, familia ina jiwe lakini haina unga.

TABITHA: Na Mishna inasema si mawe tu, ni kila chombo cha kutengenezea chakula.

ELIYA: Kwa hiyo sufuria haiguswi.

TABITHA: Haiguswi.

ELIYA: Blenda?

TABITHA: Blenda ni jiwe la kusagia lenye waya!

ELIYA: Friji?

TABITHA: Friji... inatunza, haipiki.

ELIYA: Basi friji inaondoka. Mkaa je? Mkaa si chombo.

TABITHA: Eliya!

ELIYA: Nauliza, wasikilizaji watauliza. Talmudi yenyewe, mijadala ya marabi juu ya Mishna, inafika huko: mtu alichukua kisu cha nyama kama rehani, rabi Abaye akamwambia kakirudishe, hicho ni chombo cha chakula.

TABITHA: Vizuri. Na cherehani?

ELIYA: Cherehani hapana.

TABITHA: Hapana vipi? Yule mama anakula kwa cherehani. Aya imesema uhai, haikusema ugali.

ELIYA: Aya imesema uhai, Mishna ikauwekea mpaka: chakula. Ukiingiza kila kifaa cha kazi, hakuna kitakachobaki cha kuweka rehani, na asiye na rehani hakopeshwi. Cherehani iko kundi la jembe la kulimia. Mishna hiyo hiyo inasema mto wa kulalia unarudishwa usiku, jembe mchana.

TABITHA: Kwa hiyo asubuhi wamletee cherehani, jioni waje kuibeba?

ELIYA: Kila siku.

TABITHA: Ile ya miguu, yenye meza ya chuma?

ELIYA: Hiyo hiyo. Mkopeshaji akiibeba siku kumi atachoka, atakaa aongee naye habari ya kulipa kidogo kidogo. Sheria inamtoza jasho mwenye nguvu.

TABITHA: Inamtoza aibu mwenye deni. Mtaa mzima unaona cherehani inaingia na kutoka. Rabi Shimoni aliliona hilo kwa mjane maskini wa aya ya 17: usimchukulie rehani, kwa sababu utalazimika kumrudishia kila siku, na kuingia-toka kwako kutamharibia jina kwa majirani.

ELIYA: Huyo ni mjane. Rabi Shimoni hakusema hivyo kwa kila mdaiwa.

TABITHA: Sababu aliyotoa haiishii kwa mjane.

ELIYA: Ukiitanua sababu, unaandika sheria mpya halafu unaiita Torati. Kusoma kwa jicho la haki ni kuanza na kile maandishi yanachobeba.

TABITHA: Na ukiibana, unamwachia mtu sufuria lisilo na cha kupika.

ELIYA: Sufuria limebaki, sivyo? Na blenda.

TABITHA: Blenda hana!

ELIYA: Sikubali, dada. Kundi la jembe.

TABITHA: Nami sikubali. Saa inasemaje?

ELIYA: Zimebaki dakika mbili.

TABITHA: Karatasi yako?

ELIYA: Ujira, aya ya 14 na 15, alipwe kabla jua halijazama. Mganda na ukuta someni wenyewe. Juma lijalo ni Ki Tavo, malimbuko kwenye kikapu.

TABITHA: Kikapu ni chombo cha chakula?

ELIYA: Zima mashine.