Toleo 2.4 limetoka: tupandishe nyaraka bila kufuta za 2.3

Habari za saa hizi wadau, karibuni sana. Leo tunapandisha tovuti ya nyaraka baada ya toleo jipya. Mradi wetu wa mfano ni maktaba ndogo ya Python ya kupanga ratiba za daladala. Nyaraka zimejengwa kwa MkDocs, programu inayogeuza faili za Markdown kuwa tovuti; matoleo yanasimamiwa na mike, inayoweka kila toleo kwenye folda yake; na tovuti inakaa GitHub Pages, huduma ya GitHub inayoonyesha tovuti yetu kutoka tawi (branch) la gh-pages. Kuvisakinisha ni mstari mmoja tu, `pip install mkdocs mike`, kwa hiyo tunapita.

Shabaha ni hii: mtumiaji wa Mbagala aliyehamia 2.4 asome nyaraka za 2.4, na wa Tegeta ambaye seva yake bado iko 2.3 akute kurasa zake palepale alipoziacha. Huyo wa Tegeta ndiye ninayemfikiria kila hatua.

Tunaanza na lebo (tag), alama ya Git inayoonyesha msimbo wa toleo ni upi. `git tag -a v2.4.0 -m "Toleo 2.4.0"`, kisha `git push origin v2.4.0`. Ukiandika `git push` peke yake lebo inabaki kwenye kompyuta yako, kwa hiyo itaje kwa jina. Halafu `git switch --detach v2.4.0`. Tunajenga kutoka kwenye lebo, si kutoka main, tawi kuu la kazi, maana main huenda imeshaingia vitu ambavyo havimo kwenye toleo, na msomaji atahangaika na amri ambayo kwake haipo.

Kama tarehe ya toleo inaandikwa na mashine za GitHub, kumbuka zinatumia UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa saba usiku hapa Dar, kule bado ni saa nne usiku ya jana. Ukitoa toleo usiku wa manane, tarehe iandike mwenyewe.

Sasa jaribio: `mkdocs build --strict`. Hilo neno la mwisho linageuza kila onyo kuwa kosa. Hapo, mmeona? Imegoma. Inasema ukurasa wa vituo una linki ya faili ambayo haipo. Ngoja nisogeze skrini... nimeiona, faili inaitwa `njia.md`, linki imeandikwa `njia-zote.md`. Lebo imeshakwenda na haisogezwi, kwa sababu kuna watu wameshaichukua. Tunafungua tawi juu yake, `git switch -c nyaraka-2.4 v2.4.0`, tunarekebisha linki, tunahifadhi kwa `git commit -am`, tunajenga tena. Safi. Kwa utaratibu mzuri jaribio hili hufanywa kabla ya lebo, na nawaomba mlifanye hivyo.

Ongezeni na hili: linki zenye alama ya reli (#), zile zinazopeleka kwenye kichwa kidogo ndani ya ukurasa, `--strict` haizikamati hivihivi. MkDocs kuanzia 1.6 inazikagua, ila inazitaja kama taarifa tu. Kwenye `mkdocs.yml`, chini ya `validation`, weka `anchors: warn`, nazo zitaanza kugomesha ujenzi.

Tulieni hapa. Mkiwa na mike, MSITUMIE `mkdocs gh-deploy`. Narudia, `mkdocs gh-deploy` hapana. Amri hiyo husafisha tawi lote la gh-pages na kuweka tovuti moja mahali pake. Folda ya 2.3 inakwenda, `versions.json` yenye orodha ya matoleo inakwenda, na faili ya CNAME iliyobeba domeini yako inakwenda. Haitakuuliza. Ikishatokea, usihamaki: historia ya tawi ipo. Ingia gh-pages, `git revert HEAD`, sukuma, vitu vinarudi. Angalieni na faili la kazi za otomatiki, mara nyingi amri ya zamani imejificha mle.

Kabla ya kupandisha: `git fetch origin gh-pages`. Usiiruke. Ulipoweka domeini kwenye Settings, ukurasa wa Pages, GitHub yenyewe iliandika faili ya CNAME kwenye tawi hilo, na kompyuta yako haina habari. Ukipandisha bila kuvuta, usukumaji utakataliwa, na ukivuta baadaye kisha ukarudia, mike itakwambia matawi yameachana. Itakutajia `--ignore-remote-status`, iache. Andika `git branch -f gh-pages origin/gh-pages`, kisha anza upya.

Sasa yenyewe:

`mike deploy --push --update-aliases 2.4 latest`

Tumeandika 2.4, si 2.4.0, ili marekebisho ya 2.4.1 yaingie kwenye folda ileile. `--update-aliases` ndiyo inayoihamisha `latest`, jina la pili la toleo jipya zaidi, kutoka 2.3, bila hiyo mike inakataa, kwa kuwa jina lina mwenyewe. Kama ni mara yako ya kwanza kabisa, ongeza `mike set-default --push latest`, ili anayefungua tovuti bila kutaja toleo apelekwe `latest`, basi, hutairudia.

Umeme ukikatika wakati wa kusukuma, tovuti haiharibiki. Tawi la kule halibadiliki mpaka data yote ifike. Umeme ukirudi, `git push origin gh-pages`.

Kagueni kwa simu: zima Wi-Fi, tumia bando, fungua dirisha la faragha. GitHub Pages huambia kivinjari kitunze ukurasa kwa sekunde 600, kwa hiyo dakika kumi za kwanza mtu anaweza kuona ya zamani na si kosa.

Ya 2.3 ipo, nzuri. Ya 2.4... subirini. Picha ya ramani ya Kariakoo haipo. Nisogeze karibu: faili ni `kariakoo.png`, ukurasa umeandika `Kariakoo.PNG`. Kwenye Windows zote mbili ni faili moja, kwenye seva ni mbili tofauti. Na `--strict` haikuona kwa sababu picha imewekwa kwa `<img>` ya HTML, ambayo MkDocs haiikagui. Tumieni alama za Markdown, na majina yote herufi ndogo. Tunarekebisha kwenye tawi letu la `nyaraka-2.4`, tunahifadhi, tunarudia `mike deploy` ileile. Imekuja.

Marekebisho yote mawili yapelekeni na main kwa `git cherry-pick`, inayonakili badiliko kutoka tawi moja hadi jingine, la sivyo 2.5 itatoka na picha ileile iliyokosekana.

Kwenye maelezo ya toleo bandikeni linki ya `/2.4/`, si `/latest/`, maana 2.5 ikitoka `latest` itakuwa inafungua kitu kingine. Ukishaibandika, ibonyeze mwenyewe kwanza, ndipo uitume kwenye kundi.