Navoi na kesi ya lugha mbili

Haya jamani tuendelee, mliosimama kule nyuma sogeeni, viti vipo. Leo ni zamu ya mshairi Ali-Shir Navoi. Kazaliwa Herat mwaka 1441, siku hizi Herat iko Afghanistan ila Wauzbeki wanakwambia huyu ni wetu, na ukifika Tashkent jumba la opera lina jina lake. Yeye na sultani Husayn Bayqara wanajuana toka utotoni, kwahiyo Husayn alivyoishika Herat 1469 Navoi akawa mtunza muhuri, baadae amiri. Hela anayo, akajenga madrasa na misikiti. Kuoa hakuoa.

Sasa pale Herat mshairi anayejiheshimu alikuwa anatunga kwa Kiajemi, Kituruki (kile cha Asia ya Kati, siyo hiki cha Uturuki) kinaonekana ni cha wanajeshi tu. Na Navoi Kiajemi anakimudu vizuri mno, ana diwani nzima ya mashairi ambayo humo anajiita Fani, tena rafiki yake wa kufa na kuzikana ni Jami, bingwa wa Kiajemi, kwahiyo msije mkasema alikuwa na chuki.

Mwaka 1499, mzee tayari, anaandika Muhakamat al-lughatayn, yaani kesi ya lugha mbili, anamtetea Mturuki kama wakili. Na ushahidi anaoleta ni nini? Kulia! Anasema sisi tuna siqtamaq, kulia sana, tuna okurmak, kuangua kilio kwa sauti nene, tuna inchkirmak, kulia kwa kasauti kembamba, hebu Mwajemi alete yake. Halafu ndugu: Mwajemi mkubwa birodar mdogo birodar, Mturuki ana agha na ini. Halafu bata, dume ana jina lake na jike lake (hapo hata sisi wa "bata dume" tumefeli).

Mi naona kawaonea Waajemi kidogo, maana maneno ya kupimia kachagua mwenyewe. Ushahidi mzito alishautoa zamani: kati ya 1483 na 1485 alitunga Khamsa, tenzi tano, mistari zaidi ya 50,000 kwa Kituruki, akipambana na Nizami na Amir Khusrau waliotunga zao kwa Kiajemi.

Kafariki Januari 1501. Miaka inapita, Babur, yule aliyeiteka Delhi, anaandika kumbukumbu za maisha yake kwa Kituruki hichohicho, na akifika kwenye mji wake wa Andijan anajivuna kabisa kwamba watu wa kwetu wanaongea kama alivyoandika Navoi, japo Navoi mwenyewe kakulia Herat.