Wathrakia: Lugha Tunayoisoma Bila Kuielewa

Ndugu zangu, tuanze na pete. Ilipatikana mwaka 1912 katika kijiji cha Ezerovo, nchini Bulgaria. Ni ya dhahabu, na imechongwa herufi 61 za Kigiriki, zimebanana bila nafasi kati ya neno na neno. Mwanafunzi yeyote wa Kigiriki anaweza kuzitamka: “Rolisteneasnereneatiltean…” Atamaliza yote, asiambulie kitu, maana hicho si Kigiriki. Ni Kithrakia, lugha ya Wathrakia, watu wa kale walioishi pande za Bulgaria ya leo. Wataalamu wengi huona pale mwanzoni jina la mtu, Rolisteneas. Baada ya hapo kila mmoja hukata maneno anapoona panafaa, na tafsiri zao hazipatani kabisa.

Msidhani Wathrakia walikuwa kabila dogo la kujificha milimani. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, katika karne ya 5 KK, aliandika kwamba ukiwatoa Wahindi, hakuna taifa lililowazidi Wathrakia kwa wingi, na kama wangekuwa chini ya mtawala mmoja, nani angewaweza? Lakini hawakuwa na herufi zao wenyewe. Wafalme wao walipotaka kuandika, waliandika Kigiriki. Mfalme Seuthes wa Tatu alijenga mji akauita kwa jina lake, Seuthopolis. Maandishi marefu yaliyofukuliwa humo ni ya Kigiriki. (Mji wenyewe leo uko chini ya maji ya bwawa la Koprinka. Wanaakiolojia waliuchimba, kisha bwawa likajazwa.) Hata Spartacus, Mthrakia mnayemfahamu nyote, aliyeongoza uasi wa watumwa dhidi ya Roma, habari zake tumezipata kwa kalamu za Wagiriki na Warumi.

Kilichobaki hasa ni majina. Strabo, mwanajiografia Mgiriki, anatueleza kuwa “bria” kwa Kithrakia ni mji, ndiyo maana kuna Mesembria, ambayo sasa ni Nesebar, na Selymbria. Kwa vipande kama hivyo lugha hii imewekwa katika familia ya Kihindi-Kiulaya, yenye Kigiriki, Kilatini na hata Kiingereza.

Roma iliifanya Thrakia kuwa jimbo mwaka 46 BK, lakini lugha haikufa siku hiyo. Katika karne ya 6, hujaji mmoja kutoka Piacenza, mji wa Italia, alifika kwa watawa wa Sinai, akaorodhesha lugha walizozijua: Kilatini, Kigiriki, Kisiria, Kimisri na Kibessi. Wabessi walikuwa Wathrakia. Wapo wanaobisha kwamba Kibessi hicho kilikuwa kitu kingine. Mimi sioni sababu ya kumkatalia mtu aliyekuwapo. Ninachomlaumu ni kimoja tu: aliandika jina la lugha, asinukuu hata mstari mmoja wa sala zao. Haya, karibuni kwa maswali.